Nani Kasema "Mimi" ni Ubinafsi?

Jumamosi moja mwaka jana nilipeleka kurasa arobaini za riwaya yangu kwenye kikao chetu cha waandishi chipukizi. Tuko watu kumi na wawili hivi, tunakutana kwenye darasa la kuazima, tunachangishana hela ya chai na karanga, na kila mara tunamwalika mkubwa mmoja aje kutupa uzoefu. Safari hii alikuja mhakiki, mzee wa heshima zake. Shikamoo nilimpa, na hata leo nikikutana naye nitampa. Lakini alichokisema sikubaliani nacho, na kwa kuwa siku ile nilinyamaza kama niliyemwagiwa maji, naomba nimjibu hapa jaridani.

Alisoma kurasa zangu huku akigonga meza kwa kalamu. Alipomaliza akavua miwani. "Binti, Kiswahili chako kinatembea," akasema. "Lakini nani anataka kusoma habari za mama yako? Kila ukurasa mimi, mimi, mimi. Mwandishi anaandika jamii. Hizi za kujililia waachie waimbaji."

Wenzangu wakacheka, nami nikacheka nao, maana pale usipocheka unaonekana umeumia.

Sasa nasema hivi: waimbaji hao hao ndio walionifundisha kuandika. Kidato cha nne nilitoka na daraja la nne la kubahatisha. Fasihi nilikuwa nimekariri majina ya wahusika na dhamira tano tano kwa ajili ya mtihani, na hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia kwamba riwaya inaweza kuanzia kwetu Magomeni, kwenye cherehani ya mama. Aliyeniambia ni mwanamke wa New Jersey, Marekani, anaitwa Lauryn Hill, na aliniambia kupitia kaseti ya kurekodiwa vichochoroni.

Kaseti yenyewe ni ya mama. Aliinunua Kariakoo mwishoni mwa mwaka 1998, kwenye meza ya kijana mmoja aliyekuwa akirekodi nyimbo za majuu kwenye kaseti tupu za dakika 60 na kuandika jina kwa kalamu: LORIN HILI. Albamu hiyo, The Miseducation of Lauryn Hill, ilikuwa imetoka Marekani tarehe 25 Agosti mwaka huo huo, na ina zaidi ya dakika 75. Piga hesabu mwenyewe. Upande A wa kaseti ya mama unakatika katikati ya wimbo. Ukigeuza, upande B nao unakata roho kabla albamu haijaisha. Mimi nimekua nikiamini kwamba albamu ile inaishia hewani. Ule wimbo wa mwisho wenye jina la albamu yenyewe nimekuja kuusikia nikiwa na miaka kumi na tisa, kwenye simu ya rafiki, tuko kituoni tunasubiri daladala. Nilishtuka kama mtu aliyeletewa barua iliyokwama posta tangu hajazaliwa.

Kwa wale ambao hawakuwahi kukaa na albamu ile, nitoe habari kidogo. Hill alikuwa mmoja wa watatu wa kundi la Fugees, pamoja na Wyclef Jean na Pras Michel. Albamu yao ya pili, The Score, ya mwaka 1996, ilitesa dunia nzima. Kundi likishafika pale, akili ya biashara inasema nini? Rudini studio, pigeni nyingine ya namna ile ile, vuneni. Badala yake kundi likaanza kulegea, kila mmoja akashika njia yake, na mwishoni mwa mwaka 1996 binti huyu, akiwa hata hajafikisha miaka ishirini na tatu, akapata mimba. Baba wa mtoto ni Rohan Marley, mmoja wa watoto wa Bob Marley. Wapo waliomwambia afikirie kazi yake kwanza, jina ndiyo kwanza limepanda, mtoto atamharibia. Yeye akazaa. Mtoto akaitwa Zion, alizaliwa Agosti 1997. Ndipo akaingia studio, New York na kule Kingston, Jamaika, kwenye studio za Tuff Gong za ukoo wa Marley, akatengeneza albamu ya peke yake inayosema ni nini kilimpata.

Wimbo wa nne kwenye albamu hiyo unaitwa "To Zion". Gitaa anapiga Carlos Santana. Ndani yake Hill anasimulia aliyoambiwa na watu, na anasimulia alichokichagua, kisha analiita jina la mtoto wake. Basi, ndiyo habari yote. Hakuna fumbo la kuvunja kichwa, na mwanafunzi wa kidato cha pili angeweza kukuandikia dhamira yake kwa mstari mmoja.

Turudi Magomeni. Mama alikuwa kidato cha tatu. Mwanzoni mwa mwaka 1999 wasichana wote wa shule yao walipangwa mstari wakaingia mmoja mmoja kwa nesi aliyeletwa kuwapima. Aliwabonyeza tumbo. Wenzake mama walitoka wakarudi darasani. Mama alitoka akiwa ameambiwa akachukue begi lake. Hakurudi tena shule, si ile wala nyingine. Mtoto aliyekuwa tumboni ndio mimi ninayewaandikia.

Albamu ya Lauryn Hill inaanza na kengele ya shule. Mwalimu anaita majina, wanafunzi wanaitika. Anafika kwenye jina lake Lauryn Hill: kimya. Anarudia: kimya. Halafu muziki unaingia. Na katikati ya nyimbo unamsikia tena mwalimu yule akiongea na watoto darasani, wanabishana mapenzi ni nini, wanacheka, na yeye mwenye albamu hayumo. (Mwalimu huyo ni Ras Baraka, mwalimu na mshairi kweli, ambaye mwaka 2014 alikuja kuwa meya wa mji wa Newark.) Hata jina la albamu limetokana na kitabu cha mwanahistoria Carter G. Woodson cha mwaka 1933, kinachohusu Wamarekani weusi kupewa elimu ya kuwapoteza. Mama hayo ya Woodson hakuyajua. Alichojua ni kwamba kila akiwasha kaseti, jina linaitwa na mtu hayupo darasani. Ananiambia miezi ile ya kwanza alikuwa anaipeleka mbele sehemu hiyo kwa kidole, hata betri zikiwa zinaisha.

Na Kiingereza chenyewe cha mama kilikuwa cha kuokoteza. Palikuwa na dada mmoja, mpangaji wa chumba cha uani, aliyekuwa amemaliza kidato cha sita. Dada huyo alikaa na mama jioni mbili, wakiusimamisha wimbo wa "To Zion" na kuurudisha nyuma, wakausimamisha tena, mpaka akauandika wote kwa Kiswahili kwenye karatasi ya daftari. Karatasi hiyo ipo hadi leo, imekunjwa mara nne ndani ya kasha la kaseti. Mimi nilijifunza kusoma kwa hiyo. Vitabu vya darasa la kwanza vilikuja baadaye.

Sasa mzee wangu, kwa heshima zote, nijibu: mwanamke yule wa New Jersey alikuwa anaandika jamii au alikuwa anajililia?

Najua jibu lako. Utasema yeye alibahatika, na kwamba jambo la binti mmoja mpaka liwe la wote lazima mwandishi alipanue, alitoe "mimi", aweke "msichana wa Kiafrika". Sawa. Tuangalie huko kulikopanuliwa. Kwa miongo mizima wasichana wa nchi hii walitolewa shuleni kwa sababu ya mimba, mpaka Novemba 2021 serikali ilipotangaza kwamba waliojifungua waruhusiwe kurudi darasani. Katika miaka yote hiyo tumeandikiwa hadithi za "jamii" ngapi ambamo msichana anadanganywa na mwenye gari, anapata mimba ukurasa wa thelathini na anakufa ukurasa wa tisini ili wenzake wajifunze? Nimezisoma nyingi. Nyingine zilikuwa za kiada. Mama hakufa. Anashona. Ana goti linalomsumbua wakati wa mvua, anadai watu hela za sare, anapenda kuimba kwa sauti mbaya. Katika hadithi zote zile za kumhusu, yeye hayumo hata moja, kama vile jina lile linaloitwa kwenye kaseti. Wewe unataka nimgeuze "yeye" ili nimpeleke kule kule anakofia.

Tena hili la kusema kujisemea si kwetu linanishangaza kuliko yote, likitoka kwa mtu aliyefundisha fasihi. Mwana Kupona binti Mshamu alipotunga utendi wake, mwaka 1858 hivi, alikuwa mgonjwa, anamwandikia binti yake. Mtu mmoja kwa mtu mmoja, tena kitandani. (Mawaidha yenyewe ya namna ya kumnyenyekea mume sitayafuata mimi, lakini hilo ni ugomvi wa siku nyingine.) Leo nani anasema utendi ule ni ubinafsi? Shaaban Robert aliandika Maisha Yangu, na mkewe Amina alipofariki akamlilia kwa shairi lenye jina lake. Nani alimwambia atoe "mimi"? Na Kezilahabi alipomleta Rosa Mistika mwaka 1971, kitabu kikakatazwa mashuleni, mbona hakukatazwa kwa kosa la kutoandika jamii? Alisogea karibu mno na chumba cha msichana, hilo ndilo lililowatisha wakubwa. Kwa hiyo hii habari ya "waachie waimbaji" siielewi. Wazee wetu wenyewe walikuwa waimbaji.

Ukitaka hesabu ya nani anataka kusikia habari za mama wa mtu, hesabu ipo: wiki ya kwanza peke yake Miseducation iliuza nakala zaidi ya 400,000 Marekani. Februari 1999 Hill akaondoka na tuzo tano za Grammy kwa usiku mmoja, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo, na ikawa albamu ya kwanza ya hip hop kutwaa ile ya Albamu ya Mwaka. Lakini hapo sitang'ang'ania. Mauzo si hoja, hata dawa ya mbu inauzwa. Mimi nina kaseti moja na karatasi moja, na hizo zinanitosha.

Hapo nimemaliza na mzee. Nina ugomvi mwingine, huu na washikaji wa rika langu.

Kijiweni kwetu ukimtaja Lauryn Hill, lazima atokee mmoja wa kusema, "Ah, yule si kaishiwa? Albamu moja tu maisha yake yote." Mwingine ataongeza kwamba siku hizi anachelewa jukwaani, watu wanalipa kiingilio wanakaa kumsubiri mpaka wanasinzia. Wa tatu anasema kachizika. Na wote watatu, nikiwauliza, hawajawahi kukaa hata dakika tano kufikiria kazi ya kuimba maisha yako mbele za watu ikoje.

Hebu tuifikirie. Mtoto wa pili wa Hill, Selah, alizaliwa Novemba 1998. Januari 1999, miezi miwili tu baadaye, ziara ya albamu ikaanza Japani. Ikaenda Ulaya, kisha ikarudi Marekani, OutKast wakiwa ndio wafunguzi. Mama wa watoto wawili wachanga, kila usiku anapanda jukwaani kwenda kurudia yale yale: mapenzi yaliyomuumiza, marafiki waliomgeuka, watu waliomwambia mtoto atamharibia. Sisi wa kalamu tuna bahati ambayo hatuijui. Mimi nikishaandika sura ya mstari wa wasichana na nesi, nafunga daftari, naenda kununua mihogo. Msomaji akilia saa nane za usiku huko Mbagala, hanikuti. Mwimbaji anakuwepo pale pale wakati watu wanalia, kesho mji mwingine, keshokutwa mwingine, na watu hawaji kusikia jambo jipya. Wamelipa kusikia lile lile, kwa sauti ile ile ya kwenye sidii. Kidonda kikianza kupona, jukwaani hakiruhusiwi. Wenyewe wanaimba nawe, wanafurahi, wamewasha viberiti juu.

Julai 2001 Hill alikaa mbele ya hadhira ndogo, studio za MTV, New York, na gitaa moja, bila bendi. Sauti imekwaruza. Nyimbo mpya, ndefu, katikati anasimama anaongea, anaongea sana, kuna mahali analia. Waliirekodi na mwaka 2002 ikatoka kama albamu, MTV Unplugged No. 2.0. Wahakiki wengi waliirarua. Wapo waliosema si kazi iliyokamilika, ni mtu anayeporomoka hadharani. Mimi nimeisikiliza mara nyingi na nakiri kuna mahali inachosha. Lakini nilichokisikia mle ni mtu anayekataa kuendelea kuigiza mtu aliyekuwa yeye mwaka 1998. Ziara ilikuwa imemwambia: baki pale pale, wewe ni yule. Akasema siyo. Tangu hapo hajatoa albamu nyingine ya studio.

Sitaki nimfanye malaika. Aliyelipa kiingilio akasubiri saa mbili ana haki ya kulalamika, hela ni hela, na mwaka 2024 mashabiki wa Marekani walijikuta na tiketi za ziara iliyofutwa. Yeye mwenyewe anaendelea kuishi kwa albamu ile: mwaka 2018 alizunguka kuadhimisha miaka 20 yake, mwaka 2023 akaanza kuzunguka kwa miaka 25. Hilo namhesabia. Ninachokataa ni hii lugha ya kudai, kwamba anatudai sisi tumsamehe kwa kutotupa ya pili. Mtu amekupa habari za tumbo lake, mnataka na za figo? Mei 2024 Apple Music walipotoa orodha yao ya albamu bora 100, ile moja waliiweka namba moja. Waulizeni wenye albamu kumi na tano mko wapi kwenye orodha hiyo. (Najua, orodha nazo ni biashara.)

Hapa sasa naomba walio upande wangu wanivumilie, kwa sababu kuna sehemu ya habari ya albamu hii ambayo sisi wapenzi wa "mimi" huwa tunairuka.

Mwaka 1998, albamu ikiwa bado inapaa, wanamuziki wanne waliojiita New Ark walikwenda mahakamani. Walisema walishiriki kutunga na kutengeneza sehemu kubwa ya nyimbo zile na hawakutambuliwa inavyostahili. Mambo yaliishia nje ya mahakama mwaka 2001. Mimi sikuwa studio, sijui nani alileta kinanda kipi, na si kazi yangu kuhukumu. Lakini fikiria: albamu inayosifiwa kwa kuwa ya mtu mmoja, maisha yake, moyo wake, jina lake ndilo lililoandikwa karibu kila mahali, na kuna watu wanne wanasema, samahani, na sisi tulikuwemo chumbani. Zamani nilikuwa nikiisikia habari hiyo nawachukia wale vijana. Niliona wanamharibia dada.

Mpaka niliposomewa mashtaka yangu mwenyewe.

Baada ya kile kikao nilikaa wiki mbili bila kuzigusa kurasa. Kisha nikaamua kumsomea mama. Alikuwa anatia vifungo kwenye shati la mtu. Nilisoma zote arobaini, koo likanikauka. Hakuinua macho. Nilipofika mwisho alikata uzi kwa meno, akasema:

"Nesi hakuwa ofisini. Ilikuwa stoo ya vitabu."

"Nitarekebisha, mama."

"Na sketi haikuwa ya bluu."

"Sawa."

"Na yule dada wa uani umemuweka wapi?"

Nikawa sina la kusema. Katika kurasa zangu mama anausikiliza wimbo peke yake, usiku, gizani, na anauelewa. Niliona inapendeza zaidi hivyo. Binti mjamzito, kaseti, giza; mtu wa tatu akiingia na kamusi yake ya kuazima anaharibu picha. Nilimtoa. Jioni mbili za mtu, mwandiko wake, karatasi niliyojifunzia kusoma, vyote nikavipa jina la mama, na nyuma ya mama nikajipa mimi. Mhakiki wetu aliyeona "mimi" zote zilizozidi hakuiona hiyo moja ya wizi.

Mama hakuniachia hapo. Akaniambia, na haya nayaandika kwa sababu ni hoja nzito kuliko zote zilizotolewa kikaoni: "Wewe utaandika, utamaliza, utaanza kitabu kingine. Mimi nitabaki hapa. Mtu anakuja kuchukua gauni lake, ananiangalia, anajua nilibonyezwa wapi. Itakuwa kila siku." Hajui habari za ziara za muziki, lakini hiyo ndiyo ziara yenyewe aliyoieleza, na katika hii mwimbaji ni mimi lakini anayesimama jukwaani ni yeye. Hata Zion yule hakuulizwa. Amekua mtu mzima huku dunia nzima ikijua kwamba kuna waliodhani asizaliwe. Sina jibu la hilo. Nimelitafuta, na sikulipata kwenye albamu wala kwa Shaaban Robert. Wanaotufundisha kuandika jamii hawajawahi kulikaribia, maana "msichana wa Kiafrika" hana duka la ushonaji ambako watu watamkuta kesho asubuhi.

Kwa hiyo msinielewe vibaya. Sisemi kila mwenye kidonda akimbilie kalamu. Kuna mashairi ya kikao chetu wenyewe ambayo ni machozi matupu, hakuna mtaa, hakuna sufuria, hakuna jina la mtu. Hayo hata mimi nayakataa, na namwambia mzee kwamba hapo tuko pamoja. Ninachosema ni kwamba dawa yake si kufuta "mimi". Mwenye "mimi" aulizwe maswali magumu: stoo au ofisi, sketi rangi gani, nani mwingine alikuwemo chumbani, nani atakayebaki anaangaliwa. Siku ile kikaoni hakuna aliyeniuliza hata moja. Waliniambia nitoe. Kutoa ni rahisi, nilikuwa nimeshaanza mwenyewe.

Haya mliyoyasoma humu mama ameyasikia kabla yenu. Ameruhusu, ila kwa mipaka: jina lake halimo, jina la shule halimo, na kuna jambo moja lililokuwa katika mswada ambalo ameniambia litoke, nami nimelitoa. Kuhusu riwaya nzima hajasema ndiyo. Amesema kwanza nimrudishe yule dada, halafu nimsomee tena, ndipo atajibu.

Nimemrudisha. Yuko sura ya tatu. Amekaa ukingoni mwa kitanda chetu na daftari magotini, amechelewa kubandika maharage yake, anamwambia mama arudishe nyuma kidogo, hapo, hapo hapo, kuna neno limempita. Kikao ni Jumamosi ijayo, na sura hiyo naipeleka.